DAC za Kitambo: Vile Zilitengenezwa, na Vile Usichomwe Ukikutana na Moja Islii

Kila ngoma unayoskia ikidunda kwa nganya ikiingia Eastleigh ilianza kama namba tupu. Simu ya dere haina sauti ndani. Ina namba, mamilioni ya namba, na kabla spika ikugonge kifua lazima kuwe na kitu cha kugeuza hizo namba kuwa stima inayopanda na kushuka. Hicho kitu kinaitwa DAC. Kazi yake ni moja tu: inapokea dijitali, inatoa analogi.

Siku hizi DAC ni kachipu kadogo kamefichwa ndani ya simu, tivi ama redio ya gari, na hakuna mtu hukafikiria. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi miaka ya 1990, DAC kali ilikuwa sanduku lake peke yake. Chuma kizito, transfoma ya maana, na zingine bei yake ilikuwa ya kununua gari. Wenye walizitengeneza walikuwa wanapigana na shida ambazo hazikuwa zimewahi kutatuliwa, na vile walizitatua ndiyo stori yenyewe.

Hizo mashine bado zinazunguka kama mtumba. Tangu Garissa Lodge iache kuwa lojingi na igeuke soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, Islii imekuwa mahali mzigo wa kutoka nje unashukia. Mzigo mwingi ni nguo, simu na mapazia, lakini kwa vyombo vya muziki vya mtumba, hapo ama ukishuka tao kwa maduka na mafundi wa Luthuli, siku moja unaweza kukutana na sanduku jeusi limeandikwa jina la kampuni ya Japani ama Uingereza. Muuzaji atakuambia, "Boss, hii iko na ile chipu ya ukweli." Na hapo ndipo wasee huingizwa boksi.

Kwa hivyo shika hii mapema: chipu siyo mashine. Chipu moja inaweza kukaa kwa mashine mbili, moja itoe sauti tamu na nyingine itoe sauti ya kawaida. Tofauti iko kwa vitu vingine vinne: saa, chujio, njia ya kutokea, na stima. Tuanze na vile hii vita ilianza.

Sony na Philips: biti 16 ama 14?

CD ilizinduliwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Mashine ya kwanza sokoni ilikuwa Sony CDP-101, bei yen 168,000. Philips ya Uholanzi, wenye walikuwa wameunda CD pamoja na Sony, walifuata Ulaya 1983 na CD100.

Kwa CD, sauti hukatwa vipande 44,100 kila sekunde, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Kila kipande kinaandikwa kama namba ya biti 16, yaani moja kati ya ngazi 65,536. Philips mwanzoni walitaka biti 14, na tayari walikuwa na chipu ya biti 14 inaitwa TDA1540. Sony wakakataa, wakasema ni 16 ama hakuna. Sony wakashinda kwa karatasi. Philips wakabaki na chipu ambayo ni fupi kwa biti mbili.

Kenye walifanya hapo ni akili tupu. Waliweka chipu nyingine mbele, SAA7030, iongeze idadi ya sampuli mara nne: kutoka 44,100 hadi 176,400 kwa sekunde. Hiyo ndiyo ovasampulingi. Halafu, kila wakati namba ilikatwa ili itoshee biti 14, kile kipande kilichokatwa hakikutupwa. Kiliongezwa kwa sampuli inayofuata.

Fikiria konda hana sarafu ya bob tano. Anakuambia, "Chenji yako iko, utapata ile trip ingine." Akikumbuka kila deni, ukihesabu trip nne hakuna mtu amepoteza. Kila trip peke yake ina makosa kidogo, lakini jumla iko sawa. Hivyo ndivyo chipu ya biti 14 ilitoa sauti inayokaribia sana biti 16.

Sony nao kwa CDP-101 walikuwa na biti 16 kamili, lakini walitumia kigeuzi kimoja kwa pande zote mbili. Kilifanya kushoto, kikarudi kulia, kushoto, kulia. Upande mmoja ulikuwa unachelewa mwingine kama mikrosekunde 11. Hata wenye walitunga sheria za CD walianza kwa kupunguza gharama mahali.

Mizani yenye mawe 16

Sasa ingia ndani ya kigeuzi chenyewe. Fikiria mizani ya duka yenye mawe 16. Jiwe dogo kabisa lina uzito wa 1. Linalofuata ni 2, halafu 4, halafu 8, unazidisha hivyo hadi jiwe kubwa la 32,768. Kwa kuchagua mawe gani yapande mizani, unaweza kupima uzito wowote kutoka 0 hadi 65,535. DAC ya biti nyingi inafanya hivyo, ila badala ya mawe iko na mikondo midogo ya stima inayowashwa na kuzimwa.

Shida iko kwa jiwe kubwa. Chukua 32,767: hapo mawe yote 15 madogo yamepanda. Ukitaka kuongeza 1 tu, unayashusha yote na kupandisha lile kubwa peke yake. Kama jiwe kubwa limekosea kwa asilimia 0.003 tu, ngazi hiyo inaweza kukosa kupanda kabisa. Ikizidi hapo, inarudi nyuma. Rezista za kawaida za dukani hukosea asilimia 1. Sasa ona pengo ya hiyo kazi.

Kibaya zaidi, hiyo ngazi ya katikati ndiyo mahali sauti ya chini huishi. Ngoma ikiwa kubwa, wimbi linapita hapo mbio. Lakini mwisho wa ngoma, sauti ikififia polepole, ama qaraami ikiwa imebaki na oud peke yake, wimbi linacheza pale pale katikati, likivuka kosa kila mara. Ndiyo maana CD za kwanza zilisemwa zina sauti kavu: kosa lilikuwa linagonga zaidi mahali muziki ni mpole zaidi.

Kampuni ya Burr-Brown ya Tucson, Arizona, ilitatua hii shida kwa leza. Rezista zilichongwa ndani ya chipu moja moja hadi uzito ukae sawa. Baadaye kwa chipu yao ya biti 20, PCM63, waliweka vigeuzi viwili ndani ya kimoja: kimoja kinashughulikia juu ya sifuri, kingine chini, ili ile ngazi mbaya ya katikati isiwepo. Ni kazi safi, lakini kuchonga kwa leza kunagharimu doh.

Kubadilishana sahani: siri ya TDA1541A

Philips walienda njia yao. Injinia wao Rudy van de Plassche alikuwa ameandika kuhusu hiyo mbinu tangu 1976, na ndiyo ilizaa TDA1541 ya biti 16 mwaka wa 1985, halafu TDA1541A.

Wazo ni hili. Tuseme mko wanne kwa keja na mnagawana chapo. Hakuna mtu anaweza kukata vipande vinne sawa kabisa. Basi msigombane: kila siku badilishaneni sahani. Leo unapata kipande kikubwa, kesho kidogo. Baada ya siku nne, kila mtu amekula sawa, na hakuna aliyehitaji kisu cha ajabu.

Ndani ya TDA1541A, mikondo ya biti kubwa inagawanywa, halafu inazungushwa mbio sana ili kila mkondo ukae kila nafasi. Makosa yanajifuta yenyewe. Lakini huo mzunguko unaacha mtikisiko mdogo, na wa kuutuliza ni kapasita. Ndiyo maana ukifungua mashine yenye hii chipu ya miguu 28, utaona kapasita ndogo 14 zimejipanga kando yake, 7 kwa kila upande. Hizo siyo mapambo. Zikiwekwa mbali, ama zikiwa za hali ya chini, mbinu yote inalegea.

Kiwandani, chipu zilipimwa na kupangwa kwa daraja. Zilizotoka vizuri ziliitwa S1 na zikachapwa taji dogo juu. Kuna hadi zenye mataji mawili. Hilo taji ndilo muuzaji anakuonyesha akitaka uongeze kakitu.

Sasa kumbuka: TDA1541 hiyo hiyo ilikuwa ndani ya Philips CD650, mashine ya kawaida ya nyumbani. Na ndugu yake TDA1541A ikaingia pia kwa mashine za bei kali. Kama chipu ndiyo ingekuwa kila kitu, wenye walilipa pesa nyingi walilipia nini? Walilipia haya yanayofuata.

Chujio: kuta mbili tofauti

Sampuli zikitoka kwa kigeuzi, hazitoki zikiwa wimbi laini. Zinatoka kama ngazi, na kila ngazi inabeba takataka ya masafa ya juu ambayo hayakuwa kwa wimbo. Kwa CD ya kawaida, muziki unaisha kwa kilohezi 20 na takataka inaanza juu kidogo ya 22. Mashine bila ovasampulingi inahitaji chujio la analogi lenye mteremko wa ghafla, kama ukuta, katika hiyo nafasi ndogo. Chujio kama hilo ni gumu kutengeneza na linachelewesha sauti za juu kuliko za chini.

Ukiongeza sampuli mara nne, takataka inasukumwa hadi kama kilohezi 156. Kazi ngumu inafanywa na hesabu ndani ya chipu, na chujio la analogi linaweza kuwa la mteremko mpole. Kampuni kama Wadia na Theta za Marekani zilienda mbali zaidi mwishoni mwa miaka ya 1980: ziliandika hesabu zao wenyewe za kuchuja na kuziendesha kwa chipu za kompyuta ndani ya DAC. Kwa maneno mengine, walikuwa wanauza programu ndani ya sanduku la chuma.

Saa: namba sahihi ikichelewa ni kosa

Kila sampuli lazima itoke kwa wakati wake, kila baada ya mikrosekunde 22.7. Matatu zikitoka stejini kila dakika kumi, abiria wanapangika. Zikitoka moja baada ya dakika sita, nyingine kumi na nne, stejini ni fujo, hata kama idadi ya matatu ni ile ile. Kuyumba kwa saa kunaitwa jita.

Ni kubwa kiasi gani? Ili sauti ya kilohezi 20 kwa nguvu zote isikosee hata nusu ya ngazi moja ya biti 16, saa haifai kuyumba zaidi ya kama pikosekunde 120. Katika muda huo, mwanga wenyewe unatembea kama sentimita 3.6 tu. Hiyo ndiyo hali mbaya kabisa ya hesabu. Ngoma nyingi hazifiki hapo, lakini inakuonyesha mchezo ni wa levo gani.

Hapa ndipo masanduku mawili yalileta noma. Ukitenganisha mashine ya kusoma CD na DAC, namba lazima zisafiri kwa waya. Sony na Philips walitunga njia inaitwa S/PDIF, na katika hiyo njia namba na saa zinapanda gari moja, waya mmoja. DAC inapokea mchanganyiko na inabidi ijitafutie mdundo wa saa yenyewe. Chipu za kupokea kama Yamaha YM3623B, na baadaye Crystal CS8412, zilikuwa za kazi hiyo, na tofauti kati yake ilisikika.

Wabunifu wakali waligeuza mambo. Linn ya Uskoti, kwa mashine zake Karik na Numerik za mwanzo wa miaka ya 1990, iliweka saa kuu ndani ya DAC na kuirudisha kwa mashine ya CD kwa waya wa pili. Sasa DAC ndiyo inapiga mdundo, mashine ya CD inafuata. Saa inafaa kukaa karibu na mahali namba inageuka kuwa sauti.

Njia ya kutokea: miliampia 4

TDA1541A haitoi volti. Inatoa mkondo, kama miliampia 4 ukiwa juu kabisa. Amplifaya yako inataka volti, na kiwango cha CD ni kama volti 2. Lazima kuwe na saketi ya kugeuza mkondo kuwa volti, na hapa ndipo mashine ya bei ya chini na ya bei kali huachana kabisa.

Mashine nyingi zilitumia opampu ya kawaida kama NE5534. Siyo mbaya, lakini mkondo wa DAC unaruka ghafla kama ngazi, na opampu ikishindwa kufuata, inaongeza makosa yake mwenyewe ambayo hakuna chujio litayatoa. Wengine walijenga hiyo hatua kwa transista moja moja, wengine kwa valvu. Halafu kuna kapasita za njia ya sauti, na rilei za kuzima sauti wakati unawasha ili spika isilipuke. Kila kitu hapo sauti inapita ndani yake. Ukiona mtu amenunua chipu ya taji na kuiweka kwa saketi ya kutoka ya bei ya chini, amevaa suti na akavalia sapatu.

Stima: nusu ya mashine

Inua DAC ya kitambo. Kama ni nzito, mara nyingi uzito ni transfoma na chuma, na hiyo ni dalili poa. TDA1541A peke yake inataka stima ya aina tatu: +5, −5 na −15. Upande wa dijitali una kelele, unawasha na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde. Upande wa analogi unataka utulivu kama msikitini. Zikinywa kutoka bomba moja, kelele inahama.

Kwa hivyo mashine kali zilikuwa na transfoma mbili ama zaidi, moja ya dijitali na moja ya analogi, kila moja na virekebishi vyake vya volti. Nyaya za ardhi zilikutana mahali pamoja tu. Marantz walipaka shaba ndani ya masanduku yao. Kampuni ya Mark Levinson ya Marekani, kwa No. 30 ya mwanzo wa miaka ya 1990, ilitoa pawa saplai kabisa na kuiweka kwa sanduku lake peke yake.

Unaona sasa pesa ilienda wapi. Chipu ilikuwa sehemu ndogo ya bili.

Kisha biti moja ikaingia

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kukaja njia nyingine. Philips waliita yao Bitstream, na Japani Matsushita wakishirikiana na NTT wakaleta MASH. Badala ya mawe 16, unatumia jiwe moja dogo na unaliwasha na kulizima mbio kabisa. Hakuna jiwe kubwa la kukosea, hakuna kuchonga kwa leza. Ilikuwa rahisi na ya bei ya chini kutengeneza kwa wingi, ingawa ilihitaji saa nzuri zaidi. DAC nyingi za leo, pamoja na ya simu yako, ni wajukuu wa hiyo njia. Burr-Brown ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka wa 2000, na chipu kubwa za biti nyingi zikawa kitu cha kutafutwa na wapenzi.

Mwaka wa 1996 na 1997, Mjapani Ryohei Kusunoki akaandika kwamba tuondoe ovasampulingi kabisa. Wengi wakamfuata, na leo utaskia DAC zinauzwa kwa sifa ya kukosa chujio. Jua tu hesabu: ukitoa chujio na usirekebishe, sauti ya kilohezi 20 inashuka kama desibeli 3. Kuna wenye wanaita huo ulaini. Ni ladha, siyo uchawi.

Ukikutana na moja: cheki hivi kabla utoe doh

1. *Stima kwanza.* Kenya ni volti 240. Mashine ya soko la Japani ni volti 100, ya Marekani ni 120. Ukichomeka ya Japani kwa soketi ya kwako, unaipa mara 2.4 ya inachotaka, na hiyo transfoma inaweza kukufia kwa sekunde chache. Soma kibandiko cha nyuma. Usidanganywe na plagi, kwa sababu plagi hubadilishwa na bob mia. Kama ni ya volti 100, utahitaji transfoma ya kushusha 240 hadi 100, yenye uwezo kuzidi wati za mashine. Weka hiyo gharama kwa bei.

2. *Kapasita.* Omba ifunguliwe, ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Kapasita za mkebe zenye kichwa kimevimba, ama zenye majimaji chini, zimeisha. Hizi hukauka hata bila kutumiwa, na kila nyuzi 10 za joto zinapunguza maisha yake kama nusu. Mashine ya 1988 yenye kapasita zake za kwanza ichukulie kama gari ya kuenda sevisi kabla ya safari.

3. *Chipu ya taji.* TDA1541A S1 feki ni nyingi. Mtu anachukua chipu ya kawaida, anakwangua, anachapa taji. Maandishi yakifutika kwa asetoni, hiyo ni ngori. Cheki pia solda ya miguu: ya kiwandani ni safi na sawa yote, ya kubandikwa juzi inajulikana. Njia salama ni kununua mashine nzima ambayo haijaguswa, siyo chipu kwa mkono wa mtu. Na kama hakuna taji, usilie. Umeona ni nini kinatoa sauti.

4. *Mlango wa kuingilia.* Nyingi zina koaksia ama mwanga tu. Hakuna USB, hakuna Bluetooth. Zinakubali kilohezi 32, 44.1 na 48, basi. Ukitumia simu utahitaji adapta ya USB kwenda S/PDIF, na ukitoa sauti kwa tivi, weka sauti yake kwa PCM. Ukiacha kwa Dolby utapata kimya ama kelele, halafu ulaumu mashine bure.

5. *Skiza kwa nusu saa.* Beba spika ndogo yenye kebo ya RCA. Pande zote mbili zitoe sauti sawa. Mngurumo wa chini ni stima ama ardhi. Sauti ya kukwaruza inayokuja mashine ikipata joto ni kapasita ama solda iliyopasuka. Muuzaji anayekataa uskize amekujibu.

6. *Fundi.* Usifungue na kugusa ndani mwenyewe. Upande wa stima una volti 240, na kapasita kubwa hubaki na chaji hata ukichomoa. Mpe fundi anayesoma mchoro wa saketi, na mwambie akurudishie kila kitu alichotoa. Ukifika nyumbani, iweke nyuma ya tivi gadi, kwa sababu stima ya mtaa hupotea na kurudi kwa hasira.

Inafaa kweli?

Ukweli usiofichwa: kidongo cha USB-C cha siku hizi kinaweza kupima vizuri kuliko mashine nzito ya 1988. Biti 16 zinafika kama desibeli 98 za nafasi kati ya kelele na sauti kubwa, na chipu za leo zinapita hapo bila jasho. Kama unataka tu ngoma zako za simu zitoke safi, nunua kidongo na ubaki na ganji yako.

DAC ya kitambo ina faida yake kwingine. Kila sehemu inaonekana na inafunguka. Transfoma hii, kirekebishi kile, kapasita 14 hapo, opampu pale. Kikiharibika kitu kimoja, fundi anabadilisha kitu hicho kimoja. Kidongo kikifa, unatupa. Na kwa msee wa Eastlands anayetaka kuingia kazi ya sauti, iwe ni kufunga mziki kwa nganya ama kurekebisha amplifaya za kanisa na za harusi, hakuna shule ya bei nafuu kuliko mashine moja iliyotengenezwa vizuri na iliyofunguliwa kifuniko.

Kwa hivyo muuzaji akikuonyesha taji, litazame, ni la kupendeza. Halafu muulize: transfoma ngapi, volti ngapi, na mara ya mwisho kapasita zilibadilishwa lini. Majibu ya hayo matatu ndiyo bei yako.